Tope Lililokataa Kumwagika

Viwanda vya Morogoro vilipoanza kuuzwa kimoja kimoja, mimi nilikuwa chuoni nasoma shahada ya pili ya udongo, nikiwa nimechagua mada ambayo hakuna aliyeitaka. Nilichota udongo wa mfinyanzi kwenye kingo za kijito kule kwetu Matombo, nikauosha mpaka mchanga ukatoka, zikabaki chembe ndogo mno zisizoonekana hata kwa hadubini yetu. Vitabu vilisema kuwa majini, kwa chumvi kidogo, chembe zile hujipanga zenyewe, bapa juu ya bapa, kama nyumba ya karata. Nilitaka kujua zinafanyaje.

Msimamizi wangu alinionea huruma.

"Binti, soko limefunguliwa. Wafadhili wanatafuta kinachouzika. Andika kuhusu mbolea za kutoka nje, utapata fedha kesho."

"Nimekusikia, Profesa. Ila nitaandika hiki."

Nyumbani kaka yangu aliuliza kama nimesomeshwa ili nichezee matope. Nikamjibu ndiyo, na nikaendelea kula.

Siku ya kujieleza mbele ya jopo la kupitisha utafiti kulikuwa na mgao wa umeme, kwa hiyo hapakuwa na picha ukutani. Nilikuwa na chupa ya jemu tu, imejaa tope la kijivu. Niliibinua juu ya karatasi za mwenyekiti. Akazivuta haraka. Halikudondoka hata tone. Kisha nikaitikisa kwa nguvu, tope likalegea, nikalimimina kwenye bakuli kama uji. Nikalirudisha.

"Sasa tusubiri," nikasema.

Tulisubiri, joto limetukaba, mmoja wao akijipepea kwa faili. Hatimaye mwenyekiti aliichukua chupa mwenyewe, akaibinua polepole juu ya suruali yake. Tope lilikuwa limeshikana tena.

"Limejirudi lenyewe," alisema. Halafu akakunja uso. "Na litauzwa wapi?"

"Sijui, mzee. Sikuja kuuza."

Fedha walininyima, ruhusa wakanipa. Nilikaanga maandazi ya kuuza bwenini, nikanunua vyombo vya kioo vya maabara, nikamaliza utafiti.

Tasnifu ilipopita, walitaka niondoe neno "matope" kwenye kichwa chake, eti Kiswahili katikati ya Kiingereza si usomi. Nilikataa. Walijaribu mara ya pili kwa upole, nikakataa kwa upole vilevile. Liko maktaba mpaka leo, kwa herufi za dhahabu mgongoni mwa tasnifu.