Klasi Iliyonyimwa Mzazi Mmoja

Saa mbili asubuhi, mjini Bungoma. Fridah Nabwile anamjazia mzee mmoja fomu ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Anauliza, anachapa, anamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Mzee akiondoka, Fridah anafungua ukurasa mwingine kwenye kompyuta hiyo hiyo ya saiba, duka la huduma za intaneti, na mistari ya programu inajaa kwenye kioo.

Mteja wa pili anaingia. Fridah anaufunga.

Ana miaka 33, mzaliwa wa Matulo, karibu na Webuye. Kwa miaka minne aliandika programu katika kampuni moja ndogo mjini Kitale. Leo anajaza fomu za watu, na siku nzuri humwachia shilingi mia sita.

"Watu hudhani nilifutwa kwa sababu sikujua kazi," asema. "Nilijua. Hapo ndipo shida iko."

Kampuni hiyo ilitengeneza programu ya kuwakumbusha akina mama tarehe za chanjo kwa ujumbe wa simu. Zahanati kadhaa za Trans-Nzoia ziliitumia.

Kila chanjo ilikuwa na klasi yake, yaani maelezo ambayo kompyuta huyafuata inapotengeneza vitu vya aina moja. Klasi huweza kurithi kutoka kwa klasi nyingine. Ya polio na ya surua zilirithi kutoka kwa moja iliyoitwa Ukumbusho, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuandika upya namna ya kutuma ujumbe.

Juu ya hizo kulikuwa na kitu ambacho Fridah hukieleza polepole. "Klasi inatengeneza vitu. Metaklasi inatengeneza klasi zenyewe."

Metaklasi ya Ukumbusho ilikuwa na kazi moja. Kila klasi mpya ya chanjo ilipozaliwa, metaklasi iliiandika kwenye orodha. Kwa chanjo isiyokuwa kwenye orodha, hakuna mtu aliyetumiwa ujumbe.

Mwaka juzi kampuni ilianza kuhamishia kumbukumbu zake kwenye hifadhidata mpya. Klasi ya kwanza kuguswa ilikuwa ya chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi kumi na minane. Ilipaswa kurithi wazazi wawili: Ukumbusho, na klasi ya hifadhidata, ambayo ilikuja na metaklasi yake.

Kompyuta ikagoma. Metaklasi zilikuwa mbili zisizohusiana, nayo haikuweza kujua ipi iitengeneze klasi hiyo.

Fridah alijua dawa yake. Aliandika metaklasi ya tatu inayorithi zote mbili, ili kila moja ifanye sehemu yake kisha imwite mwenzake. Moja ikikosa kuita, kazi ya nyingine inapotea bila kelele. Alihitaji kuijaribu hadi Jumatatu, lakini wafadhili wa kampuni walikuwa wanakuja Alhamisi kuonyeshwa programu.

Jumatano, mwenzake Jairus alifungua faili hiyo na kufuta neno Ukumbusho. Klasi ikabaki na mzazi mmoja. Kosa likatoweka kwenye kioo, na programu ikawaka.

Fridah alimweleza mkubwa wao, Matthew, kwamba chanjo hiyo sasa haimo kwenye orodha. Alijibiwa kwamba watairekebisha wageni wakienda.

"Akaniuliza, 'Si inafanya kazi?' Nikarudi mezani pangu," asema Fridah. "Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo."

Wafadhili walipiga makofi. Kesho yake Fridah alipigiwa simu kwamba baba yake amefariki, akaenda Matulo kwa mazishi. Aliporudi baada ya wiki mbili alipewa kazi nyingine. Mkataba uliongezwa. Hakuuliza tena.

Zilipita wiki kumi na moja. Watoto 214 walifikisha umri wa chanjo hiyo na mama zao hawakupata ujumbe. Ujumbe wa chanjo nyingine uliendelea kwenda kama kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshuku kitu.

Mmoja wa watoto hao ni Kipkoech, mwana wa Jepkosgei, mkulima wa Endebess. Alipata surua akiwa na miezi ishirini. Alipona, ila jicho lake la kulia halioni.

"Nilikuwa nangoja message," Jepkosgei aliniambia. "Zile zingine zote zilikuja. Nikajua hii bado siku zake."

Zahanati ilipolalamika, kampuni ilitafuta wa kulaumiwa. Faili ilikuwa na jina la Fridah, kwa kuwa ndiye aliyeianzisha. Barua ya kumfuta ilitaja uzembe. Jairus alipandishwa cheo. Nilipompigia Matthew simu, alisema jambo hilo lilifungwa na hana la kuongeza.

Mwezi mmoja baadaye Fridah alikwenda Endebess. Jepkosgei alimkaribisha na kumpa chai. Fridah akamweleza yote, hadi lile neno lililofutwa.

"Akaniuliza kama nilijua. Nikamwambia nilijua," asema. "Akachukua kikombe changu, kilikuwa bado kimejaa, akaenda kumwaga chai nje."

Tangu hapo amekuwa akiandika programu yake mwenyewe kati ya mteja na mteja. Ndani yake imo ile metaklasi ya tatu, na ameongeza sharti moja: klasi ya chanjo ikikosekana kwenye orodha, programu haiwaki kabisa.

"Afadhali igome," asema. "Ikigoma, mtu atauliza."

Sista Nasimiyu, muuguzi wa zahanati ndogo nje ya mji wa Bungoma, amekubali kuijaribu. Ndiye wa kwanza kukubali kati ya wauguzi kumi na wanne walioombwa.

Wiki iliyopita nikiwa pale, Nasimiyu aliingia saiba kwa haraka. Alisema wageni kutoka makao makuu ya shirika linaloendesha zahanati yake watafika Jumatatu, akauliza kama programu inaweza kuanza siku hiyo.

Fridah alitazama kioo. Kati ya majaribio arobaini, mawili yalikuwa bado yanafeli.

"Jumatatu haiwezekani, Sista. Nipe wiki tatu."

Muuguzi alimwonya kwamba wageni wasipoona kitu, nafasi ya kuiwekea zahanati programu inaweza kupewa mtu mwingine. Fridah alisema analielewa hilo. Kisha akamwita mteja aliyefuata, akamwomba kitambulisho.