Boyerie Nyuma ya Villa ya Patron

Papa, baba yangu, alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo, na villa ya patron, mwenye kiwanda, ilikuwa palepale, ukuta kwa ukuta na mashine. Fujo zilipoingia Kisangani, patron alipanda ndege na familia yake. Kabla ya kwenda alimpa papa funguo, akamwambia, "Angalia nyumba." Basi, ni hayo tu, na papa akayabeba maisha yake yote.

Tulihamia uani, katika boyerie, vile vyumba vidogo vya watumishi. Ndani ya villa hatukulala hata siku moja. Kila Jumamosi papa alivua viatu, akaingia, akafungua madirisha, akapangusa viti vilivyofunikwa mashuka meupe, akafunga tena. Majirani walimcheka: "Papa, wewe iko mulinzi ama mupumbavu?" Yeye alijibu, "Ahadi ni deni." Kiwanda kilinyamaza, mashine zikauzwa vipande vipande kama chuma chakavu, naye bado anapangusa.

Paa la boyerie lilivuja, na mvua ya kwetu haibishi hodi. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua. Msimu mmoja kikohozi kilimshika vibaya, godoro likawa maji matupu, akamwambia papa, "Baba watoto, unifungulie hata ile depo ya kuwekea vitu mule ndani ya villa, karibu na jikoni. Nitalala chini, sitagusa kitu." Papa alilia, nilimwona. Lakini hakufungua.

"Na patron akirudi kesho?"

Aka! Kesho gani? Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Alipanda juu akafunika paa kwa plastiki, maji yakapata njia nyingine. Mama alikufa kabla mvua hazijaisha.

Siku ya matanga, dada zake mama hawakuomba ruhusa. Mkubwa wao alinyoosha mkono mbele ya papa: "Leta funguo. Mudogo wangu hatalala kwenye matope." Wakavuta mashuka, wakamlaza mama katikati ya salon, sebule ya villa, wakaimba. Papa alikaa nje kwenye ngazi. Baada ya mazishi alifua mashuka yale, akafunika viti, akafunga mlango.

Mwaka huu binti wa patron alikuja kuitazama nyumba kabla ya kuiuza. Ni mama mzima sasa. Alizaliwa hapa, Kiswahili hakijamtoka. Alitukuta tunatoka boyerie, akashangaa.

"Papa, kwa nini munakaa huku nyuma? Baba yangu mpaka anakufa alijua muko ndani. Alikuwa anafurahi sana, eti nyumba iko na watoto."

Papa alishika ukuta. Hasira yangu ya miaka yote ikaniishia hapo hapo, nikabaki na huruma tu.

"Ndani?" akauliza polepole. "Hata bibi yangu, mama wa hawa watoto, angeweza kulala ndani?"

"Bien sûr, papa, bila shaka. Tangu siku ya kwanza."