Mama alimwandika mdogo wangu badala yangu, na karatasi ile ikamwokoa

Assalamu alaikum wakuu, na mliobaki habari za kutwa.

Haya yametokea nyumbani kwetu Tiwi nami nikiwa katikati, na sehemu mbaya ya kisa hiki ni yangu. Sitaipaka rangi.

Lakini kwanza niwape habari njema, maana siwezi kukaa nayo: jana asubuhi mamangu ametembea! Kwa mguu wa bandia, kutoka chumbani hadi uani, bila kushikwa na mtu. Mimi mtu mzima, fundi wa friji na AC hapo Diani, nimerukaruka uani mpaka majirani wakachungulia.

Sasa tuanze.

Mamangu ni mpishi wa harusi. Ukishakula biriani ya harusi popote kati ya Tiwi na Kinondo, huenda ni mkono wake. Ana ugonjwa wa sukari miaka mingi.

Tumezaliwa wawili tu. Mimi mkubwa, naishi naye ua mmoja. Mdogo wangu Mwanajuma ni mwalimu kule Kikoneni.

Mwaka juzi shoga yake mama alipata kiharusi, akawa hawezi kusema. Mama akaenda kumtazama. Akakuta watoto wanazozana juu ya kitanda. Huyu anataka mgonjwa apelekwe Mombasa, yule anataka arudishwe nyumbani. Mgonjwa mwenyewe anasikia kila neno, machozi yanamtiririka.

Mama aliporudi hata buibui hakuvua.

"Mimi sitaki kugombaniwa kama sufuria," akaniambia. "Nitafutie wakili."

"Mama, kama ni wasia si tumwite shekhe?"

"Wasia ni wa maiti. Mimi nataka karatasi ya nikiwa hai."

Wakuu, nilicheka. Nilidhani yatapita. Hayakupita. Kila siku nikirudi kazini, swali la kwanza: "Wakili yuko wapi?"

Tukaenda Ukunda kwa wakili mmoja, dada wa bara, Kiswahili chake nusu Kizungu, lakini alimsikiliza mama kwa adabu kabisa.

Akamuuliza, "Mama, siku huwezi kujisemea, nani akusemee kwa daktari?"

Nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Mwanajuma," mama akajibu. Hakufikiri hata kidogo.

Wakuu, niliumia. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimenuna.

Karatasi ikaandikwa. Matakwa yake yalikuwa wazi: kama tiba ina matumaini ya kumponya, ifanywe, hata ikibidi kukata kiungo. Madaktari wakisema matumaini hakuna, asiwekewe mashine, arudishwe nyumbani asomewe Qur'ani kati ya wajukuu zake. Suala la kukata kiungo alishamuuliza shekhe mwenyewe, akaambiwa kuokoa uhai kunatangulia. Hilo nalo akataka liandikwe.

Daktari wake akaandika barua kwamba akili zake ni timamu. Mashahidi wawili wakatia saini, si watu wa familia. Nakala moja kwenye faili lake la kliniki, moja kwa Mwanajuma, moja kwenye sanduku lake la leso.

(Hapa nisieleweke vibaya, mimi si wakili. Yule dada alituonya kwamba power of attorney, yaani hati ya uwakilishi, ya mambo ya shamba ni kitu kingine, na ile ya kawaida inaweza kukosa nguvu mtu akipoteza akili zake. Pia karatasi haimlazimishi daktari atoe tiba isiyofaa. Muulize wakili wako, usiniulize mimi fundi wa friji.)

Basi. Ikapita miezi.

Siku moja kwenye shughuli mama akakanyaga kaa la moto jikoni. Hakulisikia! Sukari ilishaua hisia za mguu. Kidonda akakificha ndani ya soksi mpaka siku aliyoshikwa na homa, akaanza kuweweseka, ananiita kwa jina la marehemu baba.

Tukamkimbiza hospitali, pale pale anapohudhuria kliniki. Daktari akamtazama, akatutoa nje, mimi na mjomba, kakake mama.

"Sumu imeingia kwenye damu. Tukate chini ya goti, leo hii. Tukichelewa tutampoteza."

Nikasema hapana.

Wakuu, nilisema hapana kabla hajamaliza. Mjomba naye akadakia, "Dada yangu atazikwa na viungo vyake vyote." Nikaanza kupiga simu kutafuta gari la kumpeleka Mombasa, kwamba huko watapata dawa. Dawa gani? Sijui. Karatasi naikumbuka vizuri sana, lakini sikuitaja.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yananiogopesha kuandika hapa.

Mwanajuma, aliyepigiwa simu na mke wangu, akafika na pikipiki kutoka Kikoneni, vumbi mpaka kwenye kope, faili kwapani.

"Shikamoo mjomba. Kaka, mama amesemaje kwenye karatasi?"

"Achana na karatasi! Huyu ni mama!"

Hakubishana nami. Akafungua faili, akamsomea daktari kwa sauti, neno kwa neno, pale pale kwenye korido. Daktari akalinganisha na nakala iliyokuwa kwenye faili la kliniki. Mjomba aliposikia maneno ya dada yake, na ya shekhe, akakaa chini kwenye benchi.

Mimi bado. Nikamwambia mdogo wangu, "Mama akifa, usinijue tena."

Akatia saini. Kisha akatoka nje, nikamsikia akilia.

Siku ya tatu mama akafumbua macho, akili zimerudi. Akatazama shuka pale mguu ulipokuwa.

"Nani alitia saini?"

"Mwanajuma," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi nilikataa, mama."

Wallahi akacheka! Midomo imemkauka, lakini akacheka. "Nilijua. Wewe unanipenda kwa woga, mwanangu. Ndiyo maana sikukuandika."

Nililia mbele ya wodi nzima, na sioni haya.

Nikaenda Kikoneni kumwomba radhi mdogo wangu. Akaniambia, "Kaka, mimi niliogopa kuliko wewe. Lakini yale hayakuwa maamuzi yangu. Ya mama yalikuwa. Mimi nilikuwa mdomo tu."

Wakuu, siku zote nilidhani unamchagua anayekupenda zaidi. Kumbe unamchagua atakayeweza kusema ulichosema wewe, hata moyo wake ukimwambia vingine. Na unachagua mapema, ukiwa na akili zako, watoto wote wakisikia.

Wiki hii nimekwenda kwa yule yule wakili na yangu nimeandika. Msemaji wangu ni Mwanajuma. Mke wangu alininunia siku mbili. Nikamweleza: wewe unanipenda kama ninavyompenda mama, utanikimbiza Mombasa nife njiani. Akafikiri weee, kisha akasema, "Basi na mimi niandikie Mwanajuma."

Mjomba aliposikia, naye kaomba namba ya wakili.

Mwanajuma kanipigia simu akifoka: "Kaka, ukoo mzima mnanibebesha mimi?"

Haya, uwanja wenu. Wewe ungemwandika nani, na yeye mwenyewe umeshamwambia? Wanasheria mliomo humu, nilipokosea nirekebisheni. Ila mkianza na "kwa nini ulikataa," naomba mnihurumie kidogo. Swali hilo nimeshaulizwa na mjomba, na shekhe, na mke wangu, na hata daktari.