Dume Jeupe la Mukamurenzi

Kabla ya barabara ya Sake kujaa askari, wapita njia wa Mushaki walikuwa wakisimama uani kwa Mama Mukamurenzi ili watazame sungura wake: weupe kuliko jibini changa, macho mekundu. Ukoo huo ulianzishwa na marehemu mama yake, aliyewapandisha weupe kwa weupe mpaka rangi nyingine zikatoweka.

Vita vilipomfukuza, aliwaacha kwa jirani, Papa Kanyamibwa. Aliporudi, jirani akamwambia kwa sauti ya msiba kwamba askari waliwala wote. Juma lilelile akawaona vizimbani mwa jirani huyo, macho mekundu yakimtazama. Kanyamibwa akacheka. "Mama, sungura haina jina ku mugongo."

Mukamurenzi akaenda zake. Alikuwa amerudi na sungura weupe wa ukoo mwingine, wenye macho ya buluu, zawadi ya Mama Kyakimwa, mfanyabiashara aliyemhifadhi Walikale. Kyakimwa alikuwa amemwonya asiwachanganye na wale wa macho mekundu: weupe wa koo hizo mbili haukutoka chanzo kimoja, na kila mzazi humpa mtoto rangi ambayo mwenzake ameikosa. Mukamurenzi aliyaweka maneno hayo moyoni, akangoja.

Dume la Kanyamibwa likafa, naye amekwisha kuahidi kanisani kwamba siku ya mavuno atatoa kikapu cha sungura weupe watupu. Akaja kuomba dume kwa upole mwingi. Mukamurenzi akafungua kizimba.

"Angalia muzuri, Papa. Angalia yote."

Kanyamibwa akapuliza manyoya ya mgongoni, akitafuta unywele mweusi. Macho hakuyatazama.

"Iko mweupe. Inatosha."

"Njo weye umesema, si miye."

Majike yote yakazaa watoto wa kijivu, wenye baka jeupe puani. Kanyamibwa, kwa kuona haya kuvunja ahadi, alifunika kikapu kwa kitenge, akaandamana na watoaji wengine hadi altareni. Padri akafunua. Mama mmoja wa kwaya akauliza kwa sauti ya kusikika kama zile nyeupe amezifulia mu matope. Kicheko kikaenda hadi mlangoni. Mukamurenzi hakucheka, alikuwa akila kwa macho.

Kesho yake Kanyamibwa akaleta majike mbele ya majirani. "Chukua. Hii ukoo iko na laana."

"Ukoo ya nani, Papa?"

Akatazama chini. "Yako, Mama."

Akauliza awafanye nini wale wa kijivu. Mukamurenzi alijua kwamba weupe umelala ndani ya kila mmoja wao. "Niachie dume moja ya mboga," akasema. "Wengine, choma."

Jioni hiyo harufu ya nyama ilivuka ua, naye akaivuta taratibu, akilikatia dume la kijivu majani. Hakulila. Alilipandisha kwa majike ya mama yake, na katika uzao wa kwanza, nusu ya watoto wakaota manyoya meupe, wakafumbua macho mekundu.

Kanyamibwa alikuja akasimama nje ya ua, akawatazama wale weupe wa dume la kijivu. Mukamurenzi alimsalimu kwa heshima, wala hakumkaribisha.