Machicha ya Kuku

Wiki iliyopita nilipita nyuma ya kilabu cha pombe mtaani kwetu, nikakutana na harufu ya machicha ya uwele yaliyomwagwa juani. Ni harufu chachu, nzito, yenye utamu kidogo kwa mbali, na wapita njia wengi huziba pua. Mimi nilisimama. Nilisimama mpaka mwenye kilabu akatoka kuniuliza kama namtafuta mtu. Nikamwambia namtafuta mtoto mmoja wa kike, mkaidi, wa miaka kumi. Alinitazama kuanzia mvi hadi kandambili, akarudi ndani akicheka. Hakujua kwamba kwangu harufu ile inaleta samaki, wala haina habari na pombe.

Najua mnachowaza. Singida na samaki wapi na wapi? Watu wa pwani wakisikia maji ya chumvi hudhani Mungu aliwapa wao peke yao. Waje basi waonje Ziwa Singidani. Ukilinywa utatema, na nguo uliyoifulia humo hukauka ikasimama yenyewe. Humo ndani, katikati ya chumvi ile, perege wanaishi bila kumwomba mtu ruhusa. Labda ndiyo sababu niliwapenda.

Tulihamia karibu na ziwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Baba alibomoa tembe letu kwa mikono yake, tukapakia nguzo kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tukaenda kupangwa kwenye mstari pamoja na watu tusiowajua. Kuhama kule kulitugharimu. Mtungi mkubwa wa mama ulipasuka njiani, kuku wetu wote walikufa kwa kideri kabla hatujaezeka, na mbwa alitoroka akarudi kwenye mahame, akakataa kata kata kuwa mwanakijiji. Baba alimsema mbwa yule kwa siku nyingi, ila nadhani alikuwa anamwonea wivu.

Baba alikuwa mtu wa ng'ombe. Kwake yeye samaki alikuwa nyoka aliyekatwa mkia, na mvuvi ni mtu aliyekosa ng'ombe akaamua kuchunga maji. Vijana wachache wa kijiji walivua kwa nyavu, nao walionekana watu wa hivi hivi tu. Mtoto wa kike ndiyo kabisa. Kazi yake ilikuwa kuni, maji ya kisima, na kubeba mdogo wake mgongoni. Nami kazi hizo nilizifanya zote, asije mtu akaniita mvivu. Lakini zikiisha, nilikwenda kuvua. Sikuvua kwa njaa. Nilivua kwa sababu nilikuwa nimeuhisi mara moja ule mguso wa kwanza kwenye mshipi, pale kiumbe usichokiona kinapokuuliza, "Nani huko juu?" Ukishaulizwa swali hilo, kukaa nyumbani kunakuwa kugumu.

Hakuna aliyenifundisha. Nilifundishwa na makosa, na makosa ni mwalimu asiyechoka. Ndoano yangu ya kwanza ilikuwa pini. Samaki walikula chambo wakachomoka, maana haikuwa na kijino cha kuwazuia. Ya pili ilikuwa shazia, ile sindano ya kushonea magunia, niliyoipinda kwenye makaa. Hiyo ingemfaa mamba. Perege ana mdomo mdogo, anakula kwa kuchagua kama mgeni wa heshima. Mwishowe nilimpelekea mwenye duka mmoja wa mjini, mzee wa Kihindu, mzigo wa kuni, akanipa mshipi wa nailoni na ndoano mbili ndogo. "Mimi samaki sili," aliniambia, "lakini anayetaka kuvua simzuii." Ni mtu mzima wa kwanza kuniambia hivyo, na sijamsahau.

Polepole nikajua mengine. Nilijua kukaa nyuma ya majabali, maana upepo wa Singida ukiachiwa unaubeba mshipi na mwenye mshipi. Nilijua kutotupa kivuli changu majini. Kipande cha bua la mtama kilinitosha kuwa boya, kikizama navuta. Nilijua pia kwamba chumvi inakula chuma, kwa hiyo kila nikirudi nilisuuza ndoano kwa maji ya kisima na kuipaka samli ya baba, ambaye hakuelewa kwa nini samli yake ilikuwa inapungua.

Chambo ndicho kilichonitesa. Mnyoo ulilegea upesi kwenye chumvi ile, panzi walikataliwa, ugali uliyeyuka. Kisha siku moja nilimsaidia mama kuchuja pombe. Mama mwenyewe hakuinywa, alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, ila alipika kwa ajili ya watu wanaokuja kusaidia kulima. Nilikwenda ziwani na mikono yenye machicha hadi kwenye viwiko. Nilipoitia majini kuinawa, perege wakaja kuninyonya vidole! Nilikaa pale nikicheka peke yangu kama mwehu. Shida ilikuwa moja, machicha hayashiki kwenye ndoano. Nikayakanda na unga wa mlenda mkavu, yakashikamana vizuri, yakateleza vizuri, na tangu siku hiyo sikurudi mikono mitupu.

Machicha yenyewe nilikuwa nayaiba. Mama aliyaweka kwenye kopo la bati kando ya mlango, akifunika kwa kipande cha kibuyu, na kila mara alitangaza, "Mtu asiguse hayo. Ni ya kuku." Alikuwa akigeuka tu, nachota. Nilijiona mjanja kupita watoto wote wa kijiji.

Za mwizi ni arobaini. Zangu zilifika siku Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ntandu, alipopita kwenye majabali akitafuta ndama wake. Nilikuwa na mshipi mkononi, na perege wawili kwenye nyasi. Nikapiga magoti na mshipi wangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Navua."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Napenda tu."

Kama ningesema nimetumwa, nadhani ingeisha pale. Neno "napenda" ndilo lililomchoma. Aliuvunja kwenye goti ufito niliofungia mshipi, akachukua mshipi na ndoano, akasema watu wanatoka jasho kwenye shamba la kijiji na mimi nachezea maji, tena mtoto wa kike. Sikulia. Ndoano ya pili ilikuwa imefichwa kwenye pindo la gauni langu, na kipande cha mshipi cha akiba nilikuwa nimekizungusha kiunoni chini ya shanga.

Jumapili jioni nilisimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji. Nilikuwa nimevaa gauni lile lile, na ndoano ilinichoma paja kila nilipotikisika. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Mama alikaa kwa wanawake, mdogo wangu mapajani, macho chini.

"Mtoto huyu ataahidi mbele yenu," alisema Mzee Ntandu, "kwamba hatarudi ziwani. Sema, Tabita."

Nililishika pindo la gauni, ndoano isizidi kunichoma.

"Sema."

"Siwezi kuahidi, Mzee."

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu nitarudi. Na baba anasema tusiahidi uongo."

Watu waliangua kicheko. Hata baba mabega yalimtikisika, ingawa baadaye alidai alikuwa anakohoa. Mzee Ntandu hakucheka. Alisema mtoto asiye na adabu mwalimu wake ni mama, basi mama yangu ataongezewa ngwe mbili za kupalilia shamba la kijiji, kila siku kwa wiki nzima, labda niahidi hapo hapo.

Kicheko kilikatika. Nilimtazama mama. Nilitaka aseme neno moja tu, anitetee, au hata aniamuru niahidi. Hakusema kitu. Alimweka mdogo wangu begani, akasimama, akaondoka kwenda nyumbani. Nami sikuahidi. Lakini nilimchukia mama usiku ule kuliko nilivyomchukia Mwenyekiti, kwa sababu Mwenyekiti hakuwa mama yangu.

Alianza Jumatatu. Alikwenda kabla ya wenzake na kurudi baada yao, viganja vimechubuka. Hakunilaumu. Mimi, niliyekuwa jasiri mbele ya kijiji kizima, nilishindwa kumtazama mikono akinipakulia ugali. Siku tatu sikwenda ziwani. Nilijiambia nimeacha kwa hiari yangu, lakini nilijua nimeshindwa, na kushindwa kule kulikuwa kichungu kuliko maji ya Singidani.

Siku ya nne mama alirudi na udongo hadi magotini, akaweka jembe ukutani. Kisha, kabla hata ya kunywa maji, aliingia ndani akatoka na kopo la machicha. Akaliweka mahali pake. Kando yake akaweka bakuli la unga wa mlenda.

"Mtu asiguse," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu. "Ni ya kuku."

Akaingia ndani. Nilichota, nikachota na mlenda, nikakimbia. Jioni ile nilivua perege mkubwa kuliko wote niliowahi kuvua, mpana kama ungo wa mtoto. Mama alimpika bila kuuliza katoka wapi. Baba alisema hawezi kula nyoka, kisha akamla ili asiharibike, kichwa na vyote. Ngwe ziliisha, wiki ikaisha, na Mzee Ntandu akawa akipita majabalini anatazama upande wa pili. Nami nilikua nikisimulia habari ile kila mahali, kwamba nilishinda kijiji kizima peke yangu, baba kainama, mama kanyamaza.

Niliisimulia hivyo hata mbele ya mama mwenyewe, alipokuwa mzee, macho yamefifia, anachambua uwele kwa vidole. Nilitaka kumchekesha. Nikamwomba na msamaha, nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyekuwa nawaibia kuku wako machicha."

Vidole vikasimama.

"Kuku gani?"

"Kuku wetu, mama. Wa kijijini."

"Tabita, kuku si walikufa wote kwa kideri tulipohama?" Akacheka mpaka uwele ukamwagika. "Mwaka mzima hukusikia hata jogoo, na hukujiuliza? Kweli ulikuwa na akili za samaki tu."

Mimi sikucheka. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini alininyamazia pale mkutanoni.

"Wa kusema walikuwa wengi," alinijibu. "Mimi nilikuwa na ngwe za kulima."

Nililia siku ile, mtu mzima mwenye wajukuu. Miaka yote nilijivunia ukaidi wangu kama shamba nililolifungua mwenyewe, kumbe lilikuwa limelimwa na jembe la mama. Kusimama mbele ya watu kulinichukua dakika chache. Yeye alilipa wiki nzima, mgongo umeinama, na akirudi nyumbani akanikandia moyo pamoja na chambo.

Mama hayupo tena. Mimi bado navua Singidani, nyuma ya majabali yale yale, kwa machicha na mlenda. Nilichota kopo zima pale kilabuni wiki iliyopita. Wanangu wanasema magoti yangu hayafai tena kwa miamba, jirani wanauliza bibi mzima anatafuta nini majini, na juzi kijana mmoja mwenye nyavu alinitaka niwaachie wavuvi ziwa lao. Nilimjibu kwa heshima zote, na jibu langu ni lile lile. Siahidi.