Yuliana Aipima Mashine ya Moyo

Katika soko la Mwanga, Yuliana ndiye muuza dagaa pekee anayetembea na jiwe kikapuni. Ni jiwe jeusi la ziwani, kilo moja kamili. Alilipimisha mwenyewe katika mizani tatu tofauti. Akienda ufukweni Bangwe kununua mzigo, gunia halipandi kwenye mizani mpaka jiwe lipande kwanza. Mizani ikisema kilo na robo, Yuliana hukaza kitenge na kuanza kusema, na hapo mwenye mizani hutamani ardhi impasukie.

Hakuzaliwa hivyo. Marehemu mumewe, Feliksi, alibanwa na kifua akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za tumbo kwa utii mpaka wiki aliyozikwa. Tangu hapo Yuliana haamini mizani ya mtu wala koti jeupe la mtu.

Mwaka huu miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari Leodgar alimsikiliza kifua, akaandika kipimo cha picha ya moyo. Hakuna kuchanwa wala sindano, akaeleza: unapakwa ute wa baridi, kifaa kinapitishwa juu ya mbavu, moyo unaonekana kwenye skrini unavyosukuma damu. Kitakachoonekana ndicho kitakachoamua dawa.

"Bila kuchana?" Yuliana akamkazia macho. "Mimi hata papai silijui ndani mpaka nilikate."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akinung'unika. Mashine nayo si mizani tu? Basi ipandishiwe jiwe. Na jiwe alikuwa nalo: mdogo wake Marcelina, ambaye kila asubuhi hubeba mabeseni ya dagaa kutoka botini hadi kwenye vichanja vya kuanikia. Sura zao zimefanana, na moyo wa Marcelina ulikuwa mzima, hilo aliweza kuliapia.

"Utapimwa kwa kadi yangu," alimwambia. "Wakisema moyo wako mbovu, nimewakamata."

"Dada, huo si uongo?"

"Waongo ni wao. Sisi tunapima."

Marcelina aliinama kidogo, kisha akakubali haraka kuliko ilivyotarajiwa. Yuliana, anayeshuku hata chenji ya kanisani, hilo hakulishuku.

Siku ya kipimo Marcelina alilala kwa ubavu wa kushoto, na Yuliana akakaa pembeni kama msindikizaji, macho kwenye skrini. Daktari wa picha, ambaye hakuwahi kumwona hata mmoja wao, aliigandisha picha, akachora mistari, akarudia. Kimya chake kilimfurahisha Yuliana. Aliona mtu anayetunga.

"Mama Yuliana," daktari akamwambia Marcelina kwa upole, "moyo umetanuka, umechoka. Moyo mzima, kila pigo, husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyouingia. Wako hausukumi hata theluthi. Dawa tunaanza leo, na mizigo mizito basi."

Yuliana aliruka kitini. "Nimekupata! Yuliana ni mimi! Huyu ni mdogo wangu, anabeba mabeseni kila siku ya Mungu. Mashine yako inadanganya!"

Daktari alikunja uso. Alitazama kadi, akawatazama wote wawili. "Mnajua ningeandika dawa zake kwenye faili lako?" Kisha akamgeukia aliyelala. "Mama, unalalia mito mingapi?"

Marcelina alifuta ute kifuani kwa khanga. "Silali, daktari. Naegemea ukuta. Nikilala chali pumzi inakata. Tangu nimzae mtoto wangu wa mwisho."

"Miaka miwili!" Sauti ya Yuliana ilipasuka. "Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nakwepa kazi, dada. Kila mtu kwako anaanza kwa kupimwa. Uliponipa kadi yako nikasema afadhali, nitajua bila kukuomba."

Yuliana aliona haya, haya ya kweli, ile ya kukufanya usijue mikono uiweke wapi. Jirani aliyempunja gramu hamsini alimjua siku hiyohiyo. Mdogo wake alikuwa akizama pembeni yake miaka miwili.

Daktari akaandika kadi mpya yenye jina la Marcelina. Wakabadilishana nafasi. Yuliana alilala kwa ubavu, ute ukamshtua kwa baridi, na daktari akamgeuzia skrini ili ajionee mwenyewe, asije akashuku tena.

"Angalia wewe, utaniambia," Yuliana alimwambia daktari. Yeye alikuwa anamwangalia Marcelina kwenye kiti, anahesabu anavyopumua.