Bi Tiketi na Meli Isiyosubiri Mtu

Vuta picha, ndugu yangu: mama mmoja anapanda ngazi za chuma kwenda ofisini kwake. Umri miaka hamsini na sita, mwili wa kutosha, bahasha za kaki kazibana kwapani. Viatu vya kazini kavishika mkononi, kwa sababu ngazi zile zina matundu, na kuna siku kisigino kilinasa akabaki amesimama pale kama bendera mpaka fundi miwani wa chini alipokuja kumchomoa. Akifika juu anapumua, anavaa viatu, anaipiga kompyuta kofi ili iwake, kisha anaugeukia ukuta wenye saa tano na kuzitazama kama mwalimu aliyekuta darasa linapiga kelele. Kila saa ina jina la mji chini yake. Mbili zilishakufa zamani. Haziondoi, anasema wateja wanapenda ukuta uliojaa.

Huyo ndiye Bi Tiketi. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye leseni iliyotundikwa nyuma ya mlango, na kwa kuwa mlango wenyewe haufungwi mchana kutwa, hakuna mteja aliyewahi kulisoma.

Alianza kama mfagizi katika ofisi ya shirika moja la ndege. Wenzake wakienda kunywa chai, yeye alikuwa anasoma karatasi zilizotupwa kwenye ndoo: ratiba, vifupisho vya miji, sheria za mizigo. Baada ya miaka miwili akawa anamsahihisha meneja huku ameshika fagio. Meneja hakupendezwa hata kidogo, na ndivyo Bi Tiketi alivyojikuta na ofisi yake mwenyewe.

Sasa nikuambie siri yake, ingawa mji mzima unaijua. Bi Tiketi ni mwongo.

Usinielewe vibaya. Ukimuuliza gauni limekukaa vipi atakwambia ukweli mpaka ulie. Uongo wake uko kwenye kitu kimoja tu, nacho ni muda. Ukitakiwa kuwa uwanja wa ndege saa tano, atakwambia saa tatu. Alianza tabia hiyo baada ya kuachwa na ndege kwaya nzima ya watu ishirini na sita, kisa mwimbaji mmoja wa sauti nzito alirudi nyumbani kufuata kitana, na mwenyewe alikuwa na upara. Siku ile Bi Tiketi alisimama kwenye vioo akaitazama ndege inapaa na viti ishirini na sita vitupu, akaapa. Tangu hapo kila abiria anatajiwa saa mbili kabla ya muda wake. Na ili uongo usiumbuke, tiketi haitumi kwenye simu ya mtu, maana mtu akiisoma atajua ukweli. Anaichapa, anaitia kwenye bahasha, na kukukabidhi kwa mkono wake mlangoni pa uwanja wa ndege. Ya kurudi tu ndiyo anayoituma kwenye simu, siku ya kurudi, ukishafika uwanjani.

Tatizo ni kwamba watu nao wana akili. Baada ya miaka michache mji ukashtuka. Bi Tiketi akisema saa tatu, watu wanaongeza mbili, wanafika saa tano barabara. Yeye anafurahi kwamba wamewahi, wao wanafurahi kwamba wamemshinda ujanja, na ndege zinaondoka na watu wake ndani. Wanadanganyana kwa adabu, mambo yanakwenda.

Mpaka ilipokuja safari ya kaka yake.

Kaka yake anaitwa Chifu. Hakuwahi kuwa chifu wa kitu chochote. Alikuwa mpakaji grisi kwenye meli za mizigo, miaka thelathini na moja chini kabisa kwenye injini, humo ndani kwenye joto na makelele, na huko aliwahi kumwambia bosi wake mambo kwa lugha ya kichifu, jina likamganda. Bahari ameivuka mara zisizo na idadi, ila aliyoyaona ni mabomba. Sasa wanawe wamemkatia safari ya siku saba kwenye meli ya watalii, yeye na mkewe, chumba chenye kibaraza cha nje. Mzee ametembea na picha ya kile kibaraza mfukoni mpaka imechanika pembe. Kilichobaki ni kufika bandarini, na bandari yenyewe iko mbali, ndege mbili.

Walikuja ofisini wote wawili. Mkewe ni nesi mkuu mstaafu, anaitwa Matroni, na hata leo akiingia mahali watu wanaficha mikono wasionekane kucha.

"Meli inang'oa nanga Jumamosi saa kumi jioni," alisema Bi Tiketi, "lakini ngazi wanaipandisha saa tisa. Abiria wangu wa meli huwa nawafikisha siku moja kabla. Kwa hiyo Ijumaa mnalala huko huko."

"Ijumaa haiwezekani," Chifu akajibu. "Jumatatu napasuliwa jicho, lile la ukungu. Ijumaa alasiri daktari ananifungua bandeji. Bila kufunguliwa hanipi ruhusa ya kupanda ndege."

"Si afungue Alhamisi?"

"Wifi," alisema Matroni, "jicho si barua."

Basi ikabidi iwe Jumamosi yenyewe. Bi Tiketi akaiinamia kompyuta kama mtu anayetoa mwiba. Ndege ya kwanza saa tatu asubuhi, inatua saa nne na nusu. Hapo kati kulikuwa na ndege ya pili inayoondoka baada ya dakika arobaini.

"Hiyo hapana. Dakika arobaini ni za vijana wenye mbio. Matroni akienda chooni tu zimekwisha."

"Nakusikia."

"Ndiyo maana nasema kwa sauti, wifi. Nawapa ya saa sita kasoro robo. Inatua saa saba na nusu, teksi nusu saa, saa nane mko kwenye ngazi ya meli. Na ndege zote mbili naziweka kwenye tiketi moja, ili ya kwanza ikichelewa, aibu iwe yao si yenu. Mizigo ni begi la mkononi tu. Hakuna kusubiri mabegi."

"Siku saba na begi la mkononi?" Matroni alishtuka. "Na magauni ya jioni?"

"Utavaa moja mara saba. Bahari haikujui."

Chifu akacheka mpaka akakohoa. Halafu akamsogelea dada yake.

"Mdogo wangu. Ndege ya kwanza ikituacha, je?"

"Inayofuata ni ya mchana. Mtafika bandarini kuipungia meli mkono."

"Basi nisikilize. Wadanganye wote, mimi usinidanganye. Daktari kasema nilale vizuri, jicho lipumzike. Sitaki kukesha kwenye viti vya bati kwa ajili ya uongo wako. Niambie saa ya kweli."

Bi Tiketi akaiacha kompyuta. Miaka mingi hakuna mteja aliyemwomba kitu kama hicho. Akamtazama kaka yake, lile jicho jeupe kama kioo chenye mvuke.

"Kaka, saa ya kweli ni saa moja asubuhi. Kaunta inafungwa saa mbili na robo. Muwe pale saa moja. Haki ya Mungu sidanganyi."

Akaandika kwenye karatasi kwa kalamu nyekundu, akapigia mstari mara mbili. Wakashuka ngazi. Yaliyosemwa kule chini Bi Tiketi aliyajua baadaye.

"Kasema saa moja," alisema Chifu.

"Maana yake saa tatu," alisema Matroni.

"Lakini kaapa."

"Mume wangu, kuna mteja gani hajaapiwa? Mimi mwenyewe safari ya mazishi ya mama aliniapia mara mbili, nikafika, nikamkuta mlinzi anapiga mswaki. Saa moja ya wifi ni saa tatu ya watu. Utalala, utakunywa chai, utaoga. Jicho lako kwanza."

Huwezi kumlaumu. Alikuwa amefanya hesabu sahihi ya mtu anayemfahamu.

Jumamosi, saa moja kasoro dakika kumi, Bi Tiketi alikuwa mlangoni pa uwanja wa ndege na bahasha yake. Saa moja kamili akanyoosha shingo. Saa moja na dakika tano akaanza kutembea. Saa moja na robo akapiga simu.

"Wifi, mmefika wapi?"

"Tumefika kwenye uji," alisema Matroni. Kijiko kilisikika kikigonga bakuli.

"Uji! Bado mko nyumbani?"

"Na wewe uko kitandani, usijifanye. Kaka yako anaoga."

"Wifi, niko uwanjani! Nilisema saa moja, nilisema kweli!"

"Unasemaga hivyo."

"Niliapa!"

"Unaapaga."

Bi Tiketi akaona maneno yake yamekwisha thamani. Akakimbilia kaunta, akamsukumia simu binti aliyekuwa anabandika lebo za mizigo. "Mwanangu, mwambie huyu mama ndege inaondoka saa ngapi."

"Habari ya asubuhi, mama," alisema yule binti kwa sauti ya kazini. "Ndege inaondoka saa tatu kamili, kaunta tunafunga saa mbili na robo."

"Mwanangu hujambo," Matroni alijibu kwa upole. "Amekupa nini huyo wifi yangu? Amekununulia chai? Mrudishie simu yake, na usirudie kusema uongo ukiwa kazini, dhambi hiyo."

Simu ikarudi. Saa ya ukutani ilisoma saa moja na dakika ishirini na nne. Kutoka nyumbani kwa kaka yake mpaka pale ni nusu saa barabara ikiwa nyeupe, na Jumamosi haiwi nyeupe. Hapo Bi Tiketi alijiona, ndugu yangu, kama mtu aliyejenga nyumba miaka ishirini halafu akasahau kuweka mlango. Ukweli alikuwa nao mkononi, umechapwa, una muhuri, na hakuna aliyeutaka. Akamfikiria kaka yake na ile picha yenye pembe zilizochanika, yuko bafuni anaimba bila habari.

Akavuta pumzi. Akaiweka simu sikioni, sauti akaipooza kabisa.

"Basi wifi, kunyweni tu uji wenu. Ndege imeshaondoka."

Kijiko kikaacha kugonga.

"Imeondoka?"

"Imeondoka. Nimeiona kwa macho yangu. Mimi narudi zangu nyumbani. Msalimie kaka."

Akakata.

Matroni alikaa na lile neno kinywani pamoja na uji. Akapiga hesabu zake za siku zote: wifi akisema bado, kuna muda. Wifi akisema haraka, kuna muda pia. Lakini wifi akisema imeondoka, maana yake haijaondoka ila inataka kuondoka. Aliinuka akagonga mlango wa bafu kwa ngumi mbili.

"Toka na sabuni yako!"

Saa mbili na dakika kumi teksi ilipiga breki mlangoni pa uwanja. Alianza kushuka Matroni, gauni la jioni kalivaa juu ya gauni la asubuhi kwa sababu begi lilikataa kufungika. Nyuma yake Chifu, miwani myeusi ya daktari usoni, povu limekauka nyuma ya masikio.

"Mwongo mkubwa wewe!" Matroni alipiga kelele toka mbali. "Mbona ndege ipo?"

"Ipo, pita! Utanitukana ukirudi!"

Akawasukuma kama mizigo mpaka kaunta. Yule binti alitazama saa, akamtazama Matroni, akaitambua sauti. Akapiga muhuri. Chifu alipofika kwenye mlango wa ukaguzi aligeuka, akainua miwani kidogo.

"Mdogo wangu, kumbe una mvi," akasema. Akapotelea ndani.

Siku hiyo Bi Tiketi hakufanya kazi. Alikaa mbele ya ukuta wa saa, akawa anaisukuma mishale kwa macho. Saa nne na nusu, wametua. Saa sita kasoro robo, wamepaa tena. Saa nane, hakuna simu. Saa nane na nusu, hakuna simu. Akaanza kutukana barabara za mji ambao hajawahi kuuona, teksi zake, na meya wake kama anaye. Saa tisa na dakika nne simu ikalia.

"Mdogo wangu." Upepo ulikuwa unaifunika sauti ya Chifu. "Niko juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya meli! Ngazi wanaipandisha sasa hivi, naiona. Maji haya... Miaka yote ile nilijua ni ya kijivu, kwa vile tuliyokuwa tunapampu yalikuwa ya kijivu. Si ya kijivu hata kidogo." Upepo ukavuma tena. "Halafu kuna kijana kaniletea juisi, ananiita bosi. Nimemuuliza injini iko upande gani, akasema hajui."

Bi Tiketi akabaki anafuta meza kwa kiganja. Simu ikanyakuliwa.

"Wifi!" Alikuwa Matroni. "Nisikilize vizuri. Nimekutukana, nisamehe. Ulisema kweli mimi nikakataa. Kuanzia leo nakuamini kama kipimo cha joto. Sasa, Jumamosi ijayo meli ikirudi, tuwe uwanja wa ndege saa ngapi? Tuandikie ujumbe tu. Ukiandika saa fulani, tutafika saa hiyo hiyo. Nakuapia."

Amemwapia! Bi Tiketi alikata simu, akafungua droo ilimokuwa tiketi ya kurudi, akaisoma. Ndege ya saa saba mchana. Kuwa uwanjani: saa tano. Akiandika saa tano na Matroni akawa kweli ameamini, mambo ni mteremko. Akiandika saa tano na kile kiapo kikawa cha aina anazozijua yeye, watafika saa saba kuipungia ndege mkono. Na akiandika saa tatu, wakaamini kweli, kaka yake atakaa saa mbili kwenye viti vya bati na jicho bichi, na kile alichokipata leo kwa wifi yake kitakuwa kimekwisha kabla hakijakaa siku nane.

Aliandika "saa". Kidole kikasimama.

Wewe unayewajua hawa watu kama ninavyowajua mimi sasa, ungemmalizia ngapi?